Nusu ya Kubuni: kisa cha mwigizaji wa Bagamoyo na filamu ya maisha yake

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya mwenyewe. Jina lake silitaji, jina la filamu silitaji, wala mtaa wao hapa Bagamoyo siutaji; ukifika katikati utaelewa kwa nini. Mimi nilikuwa mwandishi mwenza wa skripti. Katika yaliyoharibika mkono wangu umo, na ndiyo maana nayaeleza kwa urefu. Wapo wasanii waliotoka kwenye unga wanaotamani kusimulia walikopita, na wapo maprodyuza wanaowaambia, "Wewe igiza maisha yako, watu watalia." Hao wote nawaomba wanisikilize.

Mwenyewe ana miaka 38. Uigizaji wa jukwaani aliupatia hapahapa, mji wenye chuo cha sanaa tangu 1981, kile ambacho leo ni TaSUBa, na ambako mtoto hukua akiona watu wakipita na ngoma begani kama kwingine wanavyopita na majembe. Akaenda Dar es Salaam enzi zile filamu zetu zikiuzwa Kariakoo kwa CD na DVD. Filamu nzima ilipigwa kwa wiki mbili, usiku na mchana, na ikiisha unaingia nyingine. Akajulikana. Akipanda daladala, konda alikuwa hachukui nauli.

Kokteli ya kwanza, yaani bangi iliyonyunyiziwa heroini, aliivutia ndani ya gari la mtu baada ya kazi ya usiku. "Sikuwa na shida yoyote, ndugu yangu," aliniambia. "Nilikuwa nimechoka, nayo ikanituliza." Mwaka mmoja baadaye hakuwa tena anatafuta utulivu, alikuwa anaikimbia arosto. Asiyeijua aambiwe: inaanza na miayo, machozi na makamasi kama mafua, vinyweleo vinasimama, halafu tumbo linakata, mifupa inauma, usingizi hauji, na muda wote huo mtu anajua kwamba kete moja, kile kipakiti kidogo cha heroini, itayaondoa yote kwa dakika chache. Aliishi hivyo miaka 8. Kazi zikakata, simu ikauzwa, akaitwa teja na watu walewale waliokuwa wakiomba kupiga naye picha.

Kilichomtoa ni methadoni. Huduma hii ilianza Muhimbili Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na baadaye ikatoka nje ya Dar. Bagamoyo ina kliniki, Tanga nayo inayo. Ni dawa ya maji, unainywa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Inakaa mwilini kwa zaidi ya saa 24, kwa hiyo arosto haipati mlango, na mtu anaamka akiwaza chai badala ya kuwaza kete. Wanaosema "kaacha unga kashika unga mwingine" hawajawahi kumwona mtu mmoja kabla na baada. Mimi nimemwona.

Alipohamishiwa kliniki ya Bagamoyo alirudi kukaa kwa mama yake. Katika mwaka wa tatu wa methadoni akanijia na daftari lililojaa pande zote za karatasi. Alikuwa akiliandika asubuhi, akisubiri zamu yake ya dozi.

Uamuzi ambao hakuna aliyeuhoji

Daftari lilikuwa zuri mno. Hakujililia ndani yake. Aliandika mambo madogo: namna alivyojua ni nyumba ipi husahau kuanua nguo, namna alivyoweza kukadiria kwa hatua za mtu kama ana hela mfukoni. Tukalifanya skripti ya dakika 40. Siku 11 za kupiga picha, watu 10, kamera ya kuazima, kibali tukaomba Bodi ya Filamu kama sheria inavyotaka. Ratiba tuliipanga kwa kumjali katika jambo moja: hakuna kazi kabla ya saa nne asubuhi, ili awahi dozi. Tukaona hapo tumemaliza wajibu wetu.

Nani aigize nafasi kuu, hilo halikuulizwa kabisa. Maisha ni yake, kipaji ni chake. Muongozaji alisema uso wake peke yake unatosha. Mimi nikaongeza kwamba mtu mwingine yeyote angekuwa anadanganya. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumuuliza mshauri wake wa kliniki, mtu aliyekuwa akikaa naye mara kwa mara na ambaye kutoka lokesheni kumfikia ni dakika 10 za bodaboda. Hilo ndilo kosa la kwanza, na ndilo lililokuwa jepesi kuliko yote kuepukwa.

Sini ya 17

Mazoezi ya sini ya 17 yalifanyika kuelekea magharibi, pwani, nyuma ya mashua zilizopandishwa mchangani, mbali kidogo na soko la samaki. Sini yenyewe ni fupi: anafungua kete, anachanganya, anasokota, anavuta, kichwa kinainama. Tulitumia tumbaku ya sigara na glukosi. Kijana wa vifaa alikuwa ametengeneza kete za kuigizia, mwigizaji wetu akazikataa. "Hazifungwi hivi," akasema, akakaa chini, akafunga kete 10 kwa mkono wake. Nilivitazama vidole vyake. Vilikwenda haraka, na yeye hakuvitazama.

Muongozaji alitaka marudio. La kwanza, la pili, la tatu. Katika la nne akaanza kupiga miayo. La tano machozi yakamtoka, akawa anajifuta makamasi kwa kiganja. Mikononi vinyweleo vilikuwa vimesimama, ilhali upepo wa jioni ile ulikuwa wa joto. Tukaenda mpaka marudio saba, na mwisho tukapiga makofi. Naliandika neno hilo kwa aibu. Tulidhani tunaona uigizaji.

Saa mbili usiku akaaga. Siku mbili zilizofuata alifika kazini, akafanya alichoambiwa, hakunitazama machoni. Siku ya tatu akanivuta pembeni. Alikuwa amevuta usiku ule, kete moja, na jana yake tena. Asubuhi hiyo kliniki walimpima mkojo, na hakutaka nisikie kwa mtu mwingine.

Jambo hili lazima lisemwe wazi: heroini juu ya methadoni inaweza kuua. Zote mbili hupunguza kasi ya kupumua. Zikikutana, na hasa zikitiwa pombe au valiamu, mtu analala huku pumzi ikififia mpaka inakoma. Na aliyekaa muda mrefu bila kutumia, kama aliyetoka soba hausi, nyumba ya waliokaa kuacha dawa, au gerezani, mwili wake haukimudu tena kiasi alichokizoea zamani. Akirudia kipimo kilekile, kinamuua. Sisi na makofi yetu tungeweza kumzika.

Kazi ikasimama. Ndani ya kikundi yakatoka maneno ya namna mbili, na yote yaliniumiza. Wengine walisema aondolewe kwa kuwa "teja ni teja". Na mmoja akashauri tupige haraka sini zilizobaki kabla hajaanguka kabisa. Kliniki hawakumfukuza. Daktari aliangalia upya dozi, mshauri akakaa naye, kisha sisi tukaitwa. Ndiyo mara ya kwanza tuliketi kumsikiliza mtu anayeujua ugonjwa huu.

Mwili haujui kwamba ni maigizo

Mwaka 1948 daktari wa Marekani, Abraham Wikler, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya waraibu ya Lexington, Kentucky, aliandika juu ya jambo alilokuwa akiliona kwa wagonjwa. Watu waliokwishaacha dawa, miili yao imesafika, wakikaa kikundi na mazungumzo yakaangukia dawa, walianza kupiga miayo na kutokwa machozi na makamasi. Arosto iliwarudia na hakukuwa na kitu mwilini cha kuileta. Mwili ulikuwa umejifunza kuambatanisha dalili zile na mahali, watu, harufu na maneno, na ukivikuta vile, unazileta.

Rudi sasa kwenye mashua zetu. Asubuhi ile alikuwa amekunywa dozi, kwa hiyo haikuwa arosto ya kukosa dawa. Iliyokuja ilikuwa kumbukumbu ya mwili, na walioiita ni sisi: kete zilizofungwa kwa mkono wake, harufu ya tumbaku, mlio wa kiberiti, saa ya magharibi, ufukwe uleule aliokuwa akikaa. Kichochezi kimoja barabarani mtu hukipita, akakaza mwendo. Sisi tulimketisha navyo vyote kwa pamoja, tukavirudia mara saba, na kila mara tukamsifu.

Hapa fani yetu ina la kujibu. Wengi tumefundishwa njia zilizotokana na Stanislavski, za mwigizaji kuchimba kumbukumbu zake mwenyewe mpaka hisia ije. Stanislavski mwenyewe miaka yake ya mwisho aliegemea zaidi matendo ya mwili: fanya tendo kwa ukamilifu, hisia itafuata. Kwa mwigizaji wa kawaida ni njia mbili tofauti. Kwa mraibu zinakutana mahali pamoja, kwa sababu kumbukumbu ni kichochezi na tendo ni kichochezi, na hisia inayofuata ni hamu.

Lakini pwani hii hatukuhitaji kusubiri kuambiwa na Lexington. Bibi akisema "Paukwa" nasi tukajibu "Pakawa", hageuki kuwa fisi, anatusimulia fisi. Kwenye ngoma ya pepo mwele, yaani mgonjwa, hapewi ngoma aipige. Yupo fundi, wapo wapigaji, wapo waitikiaji, na mwele kazi yake ni kupungwa. Mganga hajigangi. Sisi tulimkabidhi mwele ngoma tukamwambia ajipunge, watu wakimtazama.

Sisemi kwamba kusimulia kulikuwa kosa. Daftari aliliandika kwa miezi, mengine machungu kuliko sini ya 17, na hakuvuta. Kalamu ilimweka upande huu na yale mambo upande ule. Akichoka analifunga daftari anakwenda kunywa chai. Kwenye mazoezi tulimwondolea ule upande wa kusimama.

Skripti barazani

Mapumziko yalichukua wiki 5. Katika wiki ya tatu mshauri aliuliza swali ambalo tulipaswa kuliuliza tangu mwanzo: "Mama ameisikia hii?"

Hakuwa ameisikia. Macho yake hayashiki tena herufi ndogo, kwa hiyo mwanawe akamsomea, barazani, baada ya alasiri, mama akisuka ukili. Nilikuwapo. Nilimwamkia, akaitikia, akatuambia tusome, asitucheleweshe.

Skripti ilikuwa na sini ya wizi: kijana anaiba kifaa cha kazi cha mama yake, anakwenda kukiuza. Ilitokea kweli. Tulimwandikia mama kilio kikubwa na maneno ya laana. Mama alisikiliza mpaka mwisho, vidole havikuacha kusuka. Halafu akasema, "Mimi sikulia. Nilitandika kanga pale kilipokuwa, nikapanga sahani." Akanyamaza kidogo. "Na aliyekinunua yupo. Watoto wake wanasoma na wajukuu zangu. Ya kwako yaseme mwanangu, ni yako. Ya watu yasitiri."

Ndiyo maana hata hapa kifaa chenyewe sikitaji.

Nilikuwa nimeishi na imani kwamba katika filamu ya maisha ya mtu, sehemu ya kubuni ni upungufu, inawekwa na asiye na ujasiri wa kusema yote. Maneno ya mama yaliniondoa huko. Aibu ya uraibu haikai kwa mraibu peke yake. Imegawanywa nyumba nzima na nusu ya mtaa, na wengi katika hao hawakuomba kuwekwa kwenye filamu. Nusu ya kubuni ndiyo sitara yao. Kifaa tukakigeuza redio ya mbao. Kanga na sahani vikabaki kama mama alivyosema, kwa sababu huo ndio ukweli ambao sisi tusingeweza kuubuni.

Ila kubuni nako kuna pande mbili. Wakati huo mshauri alitutajia filamu ya Marekani, Honey Boy, ya mwaka 2019. Mwigizaji Shia LaBeouf aliianza kuiandika akiwa kwenye matibabu, ikihusu utoto wake na baba yake. Yeye mwenyewe hakujiigiza. Noah Jupe na Lucas Hedges walimwigiza akiwa mtoto na akiwa kijana, naye akachukua nafasi inayotokana na baba. Hilo tuliliona kama ufumbuzi, na kwa kweli tulilichukua. Lakini mwaka 2022 LaBeouf alisema hadharani kwamba alimchora baba yake kuwa mkatili kuliko alivyokuwa, na kwamba alimkosea. Nusu ya kubuni inaweza kumsitiri mtu na inaweza kumchafua, na mwandishi akiwa bado na hasira hatambui anafanya lipi kati ya mawili.

Sisi tulikuwa karibu sana kufanya la pili. Kulikuwa na sini ya mjomba, marehemu sasa, anayemfungia kijana mlango usiku wa mvua na kumtukana akiwa ndani. Mama akauliza, "Matusi hayo nani kawaambia?" Mwanawe akasema hakumbuki vizuri, ila mlango haukufunguliwa. "Haukufunguliwa," mama akasema. "Lakini mjomba wako hakulala. Alikaa chini nyuma ya ule mlango mpaka adhana ya alfajiri. Mimi ndiye nilimkuta, mgongo umeegemea mbao."

Mwigizaji aliweka karatasi chini. Kwa zaidi ya miaka 10 aliamini kwamba usiku ule, upande wa pili, watu walikuwa wamelala.

Tulivyorudi kazini

Nafasi ya mtumiaji tulimpa kijana wa miaka 22. Mwenyewe akachukua ya mjomba. Sini ya 17 ilivunjwa: lokesheni hapakuwa na kete, tumbaku wala kiberiti. Mlio wa kiberiti uliongezwa na mtu wa sauti wakati wa kuhariri, mwigizaji akiwa nyumbani. Mtazamaji anaona ubavu wa mashua, anasikia mlio mmoja, anaona nyayo zikitulia mchangani. Hapungukiwi kitu, na hatukumfundisha mtoto wa mtu kusokota. Mwelimishaji rika, naye aliyepitia methadoni, alikuwapo kila siku, na jioni mwigizaji hakwenda nyumbani peke yake. Hii iligharimu nauli na posho ya mtu mmoja. Tuliipata kwa kufuta sini mbili za Dar ambazo hata hazikuhitajika.

Vijana wa maskani, kijiwe cha watumiaji, walikuja kuomba kazi ya kupita nyuma ya waigizaji. Kati yetu wapo waliotaka tuwalipe chakula badala ya fedha. Nilikataa na nakataa bado: mtu akifanya kazi alipwe alichoahidiwa mwenzake, na si juu yangu kumchagulia. Tulichoamua ni kutomweka mbele ya kamera mtu ambaye bado anatumia, kwa sababu ruhusa anayoitoa leo akiwa kwenye arosto si ruhusa ya kudumu kwenye filamu.

Sini ya mlango ilipigwa kwa teki mbili. Kijana yuko nje, anagonga, "Mjomba, nifungulie." Ndani mwigizaji ameshika komeo. Skripti mpya ilisema anakaa chini. Hakukaa. Alibaki amesimama, mkono kwenye komeo, muda mrefu kuliko tulivyopanga, kijana nje akaanza kubabaika akidhani amekosea. Kisha mwigizaji akavuta mkeka kwa mguu, akashuka taratibu kama mzee mwenye magoti mabovu, akaegemea mbao. Hakutoa chozi, hakupiga mwayo. Nilikuwa nimevikodolea macho vinyweleo vya mikono yake kama mgonjwa anayesubiri kipimo, na havikusimama. Teki ya pili ilikuwa kwa ajili ya sauti tu. Baadaye alimwambia mshauri wake kwamba alishika lile komeo akijua aliye nje ataiba tena, na bado alitaka kulifungua.

Vipimo vyake tangu hapo vimekuwa safi, isipokuwa kimoja, miezi minne baadaye, wiki ya msiba wa rafiki aliyekuwa naye maskani. Filamu haikumponya, na anayeuza wazo hilo anadanganya watu. Anayemweka hai ni kikombe cha methadoni na watu wanaomuuliza amekula nini.

Liko jambo hatukulitatua. Yule kijana wa miaka 22, ambaye hajawahi kugusa hata sigara, sasa baadhi ya watu mjini wanamwita teja, na mama yake alikuja kutulaumu. Hatukuwa tumekwenda kumwona kabla. Tulijifunza kwa mama mmoja tukamsahau mwingine. Mwigizaji huenda naye kijiwe cha kahawa jioni, wanakaa wote wawili, na akisikia neno lile huwaambia, "Teja ni mimi, huyu ni msanii." Kwa kijana inasaidia kidogo. Kwa yeye mwenyewe sina hakika, na mshauri wake pia hana. Na anataka kufanya filamu nyingine, safari hii akijiigiza. Mimi nimekataa kuiandika kwa sasa, tumebishana, hatujapatana.

Filamu tuliionyesha uani kwa ndugu yao, shuka jeupe ukutani, watu wamekaa mikekani. Mama alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, ushungi umeshuka mpaka nyusi. Ilipofika sini ya kanga na sahani hakusema neno, na ilipofika ya mjomba alijifuta uso. Taa zilipowashwa watu wakamzunguka mwanawe kumpongeza. Mama alingoja wapungue, akamwita pembeni, akamuuliza swali moja: ile redio ya mbao ni ya nani, na je, imerudishwa?

Ilikuwa ya kuazima, kwa mzee wa mtaa wa pili. Bado ilikuwa kwetu, kwenye boksi la vifaa. Kesho yake, alipotoka kliniki, aliibeba begani akaipeleka, akamwomba mzee aiwashe mbele yake kuhakikisha bado inaimba.